Matone Saba ya Njano Kibanjani kwa Shangazi

Jumatatu, 9 Juni
Lenzi imepotea. Leo, saa kumi na dakika ishirini jioni, kibanjani kwa Shangazi Adelgunda, kwenye migomba yake, hapa Kanoni. Ndogo kama punje ya hindi. Niliing'oa kwenye deki ya CD iliyokufa, nikaibana kwenye kamera ya simu kwa kibanio cha nguo. Sikusomea kokote. Inakuza sisimizi mpaka unaona vinyweleo vya miguu.

Nilikuwa nawapiga picha sisimizi kwenye visiki vya migomba, kwa ajili ya kalenda ya chama cha kahawa. Hawatulii. Nikawatuliza kwa asali, kijiko kimoja kila kisiki, visiki saba. Picha 64, zenye ukungu 63. Saa kumi na robo akapita jirani Cleophace, mwenye studio na kamera ya dukani, akaniuliza kama leo nimepata mchumba huko chini. Dakika tano baadaye, lenzi haipo. Hesabu naijua.

Jumanne, 10 Juni
Nimetambaa kwa magoti kibanja kizima, isipokuwa ile safu ya visiki. Pale nilikuwepo mwenyewe, ningeiona. Hakuna kitu.

Nikaenda studio. Sikumwita mtu mwizi. Nilisema tu kwamba mtu fulani, aliyepita saa fulani, ana kitu fulani. Cleophace akasema ana lenzi tatu, kila moja inazidi kichwa changu, sasa hiyo ya punje ya hindi ataifanyia nini, aitie kwenye kande? Wateja wake wakacheka. Jibu la moja kwa moja hakutoa.

Jumatano, 11 Juni
Balaa. Cleophace alikuja kibanjani kuomba majani ya migomba, akaona matone kwenye visiki. Ya njano, mazito, yanachuruzika. Huku kila mtu anajua maana yake: mnyauko, ugonjwa wa migomba. Akampigia simu bibi shamba, Prudensia. Anakuja kesho. Akithibitisha, migomba inang'olewa na kufukiwa.

Shangazi ana migomba 212. Nimeihesabu mwenyewe. Ndiyo chakula chake, na ndiyo iliyonilea tangu darasa la pili. Tangu asubuhi hajala. Anauliza ni nani aliingia na panga ambalo halikupitishwa motoni kuua vijidudu.

Tukalia pamoja. Kisha nikauliza visiki vyenye matone ni vingapi. Saba.

Nikaacha kulia.

Nikiri? Asali ni yake, ya dawa ya kifua, na chupa imebaki robo. Nikaona heri nikavioshe kimya kimya. Saa tisa nimefika na ndoo. Cleophace amezungusha kamba, amekaa kwenye stuli, anazuia watu wasisambaze ugonjwa kwa miguu. Akanisifu kwa moyo wa kusaidia. Akanirudisha nyumbani na ndoo yangu.

Alhamisi, 12 Juni
Nilipanga kukiri saa tatu kamili. Prudensia akafika saa tatu kasoro tano. Shangazi alimwamkia akiwa ameushika mgomba kama anaagana na mtu anayesafiri.

Prudensia aliinama kwenye kisiki cha kwanza, akanusa, akasogea. Cha pili, hivyo hivyo. Kwenye cha sita akachokonoa kwa kijiti, akainua lenzi yangu, imegandia kwenye asali pamoja na sisimizi kumi na mmoja. Akauliza kama siku hizi mnyauko unavaa miwani.

Shangazi akanigeukia, polepole: Privatus, asali yangu iko wapi?

Nikasema yote. Prudensia, ili awe na uhakika, akapitisha panga motoni, akakata mgomba mmoja, tukangoja dakika kumi na tano. Ndani mweupe, hakuna hata tone. Kwa hiyo 211 mizima, na mmoja umekatwa kwa ajili yangu. Shangazi akakaa chini kwenye majani makavu, akacheka mpaka kanga ikamvuka. Alipomaliza kucheka akanipiga marufuku: nisikanyage tena kibanja chake na kitu chochote cha kupaka, kumwaga wala kunyunyiza. Kisha akanipakulia ndizi na maharage, sahani mbili. Sijawahi kushiba hivyo.

Cleophace alikunja kamba yake, akaomba kuwaona wale kumi na mmoja kwenye simu. Akatazama dakika nzima. Akasema kamera yake haifiki huko. Nimemsamehe.

Wakati anaondoka Prudensia alisema Jumatatu anarudi kukagua kutu ya kahawa. Ni unga wa rangi ya chungwa chini ya majani. Atakayeuona apige simu mara moja.

Ijumaa, 13 Juni
Nimelala usingizi wa mtoto. Lenzi safi, imeoshwa kwa maji ya moto. Kalenda inafungwa Jumanne, na wazo ninalo. Majani ya kahawa, kwa karibu kabisa, upande wa chini. Tatizo ni kijani kitupu, hakivutii. Yanataka rangi. Nimeshanunua bizari, pakiti mbili.

Kwa Shangazi siruhusiwi. Cleophace ana mibuni arobaini nyuma ya studio. Nimemwandikia: naomba mibuni yako saba, kesho mpaka Jumatatu, kwa ajili ya picha tu. Bizari sikuitaja, maelezo mengi huchanganya watu. Nikamalizia kwa kumwambia safari hii asinizungushe: ndiyo au hapana, kabla ya kesho Jumamosi, saa nne kamili asubuhi.