Usimwangalie Baba

Jumatatu, tarehe 18

Tk.
Sauti ndogo, kama njiti ya kiberiti inapovunjika. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimepiga mswaki nayo.
Ilitoka jana mazoezini. Malkia, mwimbaji mkuu wa bendi yetu, alikuja kunirekebishia ukosi kabla ya kiitikio, kama anavyofanya kila mara, nami kila mara huona nimependwa. Jana magitaa yalikuwa yametulia. Nikasikia. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kitufe cha kipaza sauti changu. Tk. Amekizima!
Miezi saba! Miezi saba nimenengua, na kuitikia viitikio kumi na vinne kwa moyo wangu wote, ndani ya chuma kilichokufa. Nilidhani ukumbi unanisikia. Nilikuwa hata na maoni kuhusu sauti yangu.

Jumanne, tarehe 19

Nimejichunguza. Si wivu. Ni haki. (Wivu kidogo.)
Na baba naye amechagua wiki hii hii kuuliza. Nyumbani nilisema nimeajiriwa kuimba. Neno "mnenguaji" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Baba alifundisha hesabu miaka thelathini na mpaka leo haamini jibu lisiloonyesha njia. Amesema, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba Jumamosi mchana atakuja ukumbini kunisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akinisikia, hataniuliza tena. Asiponisikia, tarehe mosi naanza kazi ofisini kwa baba mdogo. Masjala. Kugonga mihuri.
Mama akanifariji kwamba muhuri nao una mdundo wake. Ahsante, mama.

Jumatano, tarehe 20

Mpango wa kwanza. Nilijitolea kugawa vipaza mazoezini, nikajigawia cha Malkia. Kinafanya kazi! Nilipumua ndani yake, ukumbi mzima ukapumua.
Malkia akaja taratibu. Akasema, mdogo wangu, hicho nimekikoholea wiki nzima, utaambukizwa bure. Akakichukua. Akanipa changu. Akanirekebishia ukosi. Tk.
Mwanamke yule ana kidole gumba cha mwizi!
Kisha akafungua daftari lake, maana wimbo mpya huwa hauhifadhi kichwani, huusoma mstari kwa mstari mpaka urekodiwe. Akaimba ubeti wa kwanza. Nikasahau kumchukia kwa dakika nne nzima. Nimeliandika hili kwa ajili ya ukweli tu.

Ijumaa, tarehe 22

Mpango wa pili, wa kisayansi. Gundi! Ile ya baba, ya kuungia miwani yake.
Nilifika ukumbini kabla ya wenzangu. Fundi mitambo alikuwa anakula. Akauliza natafuta nini kwenye sanduku la vipaza. Nikasema nafuta vumbi. Akasema ana miaka tisa na bendi hii na hajawahi kuona mnenguaji akifuta vumbi, labda dunia inakwisha, akaenda kunawa mikono.
Nikakiwasha kipaza changu. Tone moja juu ya kitufe. La pili kwa uhakika. Nikasubiri. Nikajaribu kukizima. Hakisogei!
Nilipata A ya kemia. Baba alidhani imepotea bure.

Jumamosi, tarehe 23

Nitaandika kwa mpangilio.
Baba alikaa safu ya tatu, na suti ya kahawia aliyoivaa siku ya mahafali yangu. Gotini, daftari. Daftari!
Malkia akaja kwenye ukosi. Kidole gumba kikasukuma. Kikasukuma tena. Akanitazama. Lakini Kiongozi, mpiga gitaa mwenye bendi yake, alikwisha kuhesabu, na wimbo ulikuwa umeanza. Hakukuwa na nafasi ya kesi.
Kiitikio cha kwanza nikaimba. Nilisikika! Sauti yangu ilitoka kwenye spika kama mgeni mwenye njaa. Baba akaandika kitu.
Kisha wimbo ukachemka. Ngoma ikatupa ishara, wanenguaji tukasogea mbele, nikanengua kama ninavyonengua siku zote. Na siku zote, ninaponengua, huhema. Tena hujihesabia na kujisemesha. Miezi saba nimejisemesha ndani ya chuma kilichokufa bila kumkera mtu.
Moja, mbili, kiuno, hee, tatu, geuka. Siyo mguu huo, mpumbavu, ule mwingine! Usimwangalie baba. Nne, kiuno taratibu, tabasamu. Usimwangalie baba!
Sikujua nasikika mpaka safu ya mbele iliponijibu, kwa pamoja, tena kwa mapigo sahihi: usimwangalie baba!
Nikatafuta kitufe. Kimeganda kama dhambi. Nikamtazama fundi mitambo, ambaye angeweza kunizima kwa kidole kimoja. Alikuwa ameulalia mtambo wake, anafuta machozi ya kicheko. Kiongozi, msaliti, akayachukua maneno yangu akayapiga kwenye gitaa. Malkia akasogea na kipaza chake, akauliza kwa kuimba, usimwangalie nani? Nami, mjinga, nikajibu. Kwa kuimba. Baba!
Watu mia mbili wakageuka kumtafuta baba.
Baba akavua miwani, akaanza kuifuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sikuweza kujua ni nini kinachoyatikisa.

Jumapili, tarehe 24

Nilikaa chumbani mpaka saa tano. Mama akabisha, akasema mwenye daftari ananiita.
Baba alinikabidhi ukurasa, kama enzi za mitihani. Juu: "Amesikika." Imepigiwa mstari mara mbili. Chini yake: "Njia haieleweki. Jibu ni sahihi."
Masjala imefutwa! Amesema alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na kwamba jirani yake wa safu ya tatu alimwomba wapige picha pamoja. Kisha akauliza kama nimeona gundi yake, miwani imeachia tena. Nikasema sijaiona, pengine ameichukua mama.

Jumatatu, tarehe 25

Kiongozi ameamua. Alhamisi tunarekodi wimbo mpya, na ukelele wangu wa "usimwangalie baba" utakuwemo. Ukelele! Nilimwuliza kama naweza kuimba na ubeti wa pili. Akasema ubeti una mwenyewe.
Malkia akaniita nyuma ya pazia. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja saba. Akavuta kiti, akanikalisha, akasema kipaza cha mnenguaji huzimwa kwa sababu ya pumzi. Mimi nahema kama mbuzi apandaye mlima. Yeye mwenyewe alianza kwa kunengua, na aliyemtangulia alimzimia miaka miwili. Mpaka siku alipomwuliza kwa nini. Siku ileile akaanza kufundishwa.
Akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini mimi sikuuliza.
Kuuliza. Miaka yote ile ya shule na hilo halikunijia.
Atanifundisha kupumua, kila asubuhi kabla ya mazoezi. Baada ya miezi sita, ubeti. Nikalia begani kwake. Nikaungama gundi. Nikaapa: hakuna mipango tena, basi, mwisho. Akacheka, akanirekebishia ukosi. Mara hii ulikuwa umepinda kweli.

Jumatano, tarehe 27

Somo la kwanza la pumzi leo asubuhi. Nilipumua vizuri sana. Malkia mwenyewe alisema si vibaya.
Nimetafakari. Mtu anayepumua vizuri sana siku ya kwanza, miezi sita ya nini? Nampenda Malkia kama dada wa tumbo moja, na ndiyo maana sitaki achoke. Kesho ana beti nne. Nne! Na zote anazisoma daftarini. Ikitokea akafunua na kukuta baada ya ubeti wa kwanza unafuata wa tatu, patakuwa na ukimya wa sekunde moja au mbili, na katika ukimya huo mtu anayeujua ubeti wa pili kwa moyo atalazimika kuuokoa wimbo. Huo si mpango. Huo ni utayari.
Naandika kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba cha kulia kimegandana na jirani yake tangu saa kumi jioni, kurasa mbili za daftari la Malkia zimegandana vizuri zaidi, na chupa ya baba nimeirudisha kabatini, tupu.