Maoni Yangu Thabiti Kuhusu Garbino

Jumatatu, 6 Mei

Imetoka! Picha nne gazetini, ukurasa mzima. Corvaldi mpya, gari la mbio, jina lake Garbino. Na ina turbo! Kiwanda chetu, kilichoapa miaka arobaini kwamba injini zake zitavuta pumzi zenyewe bila kusukumiwa hewa na kidude chochote, kimelegea kama vingine vyote. Nguvu za farasi mia nane na ishirini. Kutoka kusimama hadi kilomita mia kwa saa, hata sekunde tatu hazifiki. Nilimwacha mteja na miwani ya majaribio puani, nikakimbilia baa ya Loris.

Chama kizima kilikuwa pale. Tuko watu ishirini na sita tunaoipenda Corvaldi kufa. Mwenye Corvaldi ni mmoja tu, naye anaogopa kuitoa gereji. Kelele tupu! Loris alisema gari kama hilo angelilaza sebuleni, yeye akalale uani. Learco kinyozi alisema zile taa za mbele ni macho ya mtu aliyekosa usingizi wiki nzima.

 Mimi huwa sitoi maoni kabla sijasikia ya Daktari Ermes Zanasi. Ermes anatibu ng'ombe. Tulianzisha chama pamoja, miaka ishirini na miwili iliyopita, akawa mwenyekiti kwa kura moja. Kura yenyewe ilikuwa yangu. Nilimpa kwa adabu, nikidhani naye atanipa yake. Hakunipa. Sijasahau.

Leo Ermes aliweka kikombe chini, akasema taratibu kwamba gari ni zuri sana na turbo tutaizoea.

Basi ni baya! Nikapanda juu ya kiti. Nikatangaza kwamba ule mkia ni kambare wa mto Po aliyekanyagwa na trekta. Kwamba turbo imemkaba koo mwimbaji katikati ya wimbo. Makofi! Learco akanikumbatia. Ermes akatabasamu tu. Hakuna kinachoniudhi kama lile tabasamu.

Jumanne, 7 Mei

Siwezi kutulia. Nimeandika barua ya malalamiko kwa kiwanda, kurasa tatu. Kambare yumo aya ya kwanza. Jina langu liko juu kabisa: Ivano Bertacchini, fundi miwani, kwa herufi kubwa kuliko za wengine. Kufikia adhuhuri, sahihi kumi na tisa! Learco namba mbili. Padri namba kumi, ingawa baadaye niligundua alidhani tunachangia kengele.

Ombretta, mke wangu, aliisoma huku akikunja tambi za tortellini. Akaniuliza kama nimewahi kukaa ndani ya Corvaldi, hata moja, hata iliyosimama. Nikamwambia hilo halihusiani. Akasema, "Haya, Ivano. Ila barua yako ina unga." Nikaipangusa, nikaenda nayo mwenyewe hadi kwenye lango la kiwanda. Mlinzi aliipokea kwa mikono miwili. Mtu anajua barua nzito akiiona.

Jumatano, 8 Mei

Balaa!

Bibi Nives amesimama baani na karatasi. Nives ni katibu wetu, mama wa miaka sabini na moja. Alifunga injini kiwandani miaka thelathini na moja, kwa mkono, boliti moja moja. Hapendi maneno mengi. Amesoma taarifa: Jumamosi hii kiwanda kitamwalika mwanachama mmoja aketi ndani ya Garbino, kando ya dereva wa majaribio, mizunguko mitatu kwenye uwanja wao. Wao wenyewe watachagua nani.

Mizunguko mitatu! Nani atamwalika mtu wa kambare?

Nikaanza kugeuka hapohapo, lakini kwa ustadi. Nikasema nimeitazama tena picha kwenye mwanga wa alasiri. Nikasema mkia ule una kina. Nikasema mwimbaji hajakabwa, ameshusha sauti tu, kama wanavyofanya wakubwa. Loris aliacha kufuta glasi. Ermes akauliza kama huyu ndiye kambare wa juzi au ni mdogo wake. Nikamjibu kwamba macho ni kazi yangu na jicho lina haki ya kurekebishwa. Watu wakacheka. Sikupenda walivyocheka.

Nimeizunguka meza ya jikoni mara kumi. Ombretta amenihamishia chakula barazani.

Alhamisi, 9 Mei

Siku yenye mipango miwili. Wa kwanza: kuirudisha barua. Nilifika kiwandani mapema, tai shingoni. Binti wa mapokezi, mpole, alisema barua imeshapanda ghorofa ya pili, kwa wachoraji. Wamesomeana kwa sauti. Nikainama, nikamwambia kwa huzuni kwamba mimi ndiye Bertacchini lakini barua si yangu. Imeandikwa na mtu mwenye kijicho aliyetumia jina langu. Akauliza ni nani. Sikuwa nimepanga kusema. Nilisikia mdomo wangu ukitaja: Daktari Ermes Zanasi, daktari wa mifugo, barabara ya Modena, namba kumi na nne.

Akaandika yote. Mwandiko mzuri.

Nilitoka haraka. Je, ni dhambi? Kidogo. Lakini Ermes ana tabasamu lake, litamkinga.

Mpango wa pili: kubandika sifa za Garbino kwenye ubao wa chama. Niliandika kwamba sauti ya turbo ni hariri ikichanwa taratibu. Kisha nikaenda kunyolewa niwe tayari kwa Jumamosi. Kosa! Learco alikuwa ametoka kusoma ubao. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa changu. Akaweka mkasi chini. Akasema alitia sahihi yake chini ya yangu mbele ya wateja wake, na sasa anaonekana mjinga. "Hariri ikichanwa!" alifoka. "Nenda basi kanyolewe na turbo!" Akanivua shuka, akafungua mlango.

Nimerudi nyumbani nimevaa kofia ya chama. Ombretta aliniomba nigeuke kushoto, kisha kulia, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Nilimsikia akicheka kwa muda mrefu.

Ijumaa, 10 Mei

Nives alikuja dukani kabla sijafungua. Majibu ya kiwanda yamefika. 

Alisoma bila kupandisha sauti. Kiwanda kimepokea barua na kadi mia mbili za pongezi kutoka kila pembe, zote zinafanana. Mchoraji mkuu amechoka kusifiwa. Anataka kumketisha ndani ya gari mtu mmoja tu, aliyeandika ukweli mkali kuliko wote. Yule wa kambare.

Nikaruka! Nikambusu Nives mashavu yote mawili. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwenda kumwambia Ombretta aninyooshee koti, Nives akaendelea kusoma. Kwa hiyo wanamwalika kwa heshima Daktari Ermes Zanasi.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Akanitazama juu ya miwani, miwani niliyomtengenezea mimi, akauliza kama najua jinsi Ermes alivyogeuka kuwa mwandishi wa barua yetu. Nikasema ofisi kubwa huchanganya karatasi. Akasema, "Mmh." Nimemfahamu Nives miaka mingi. Hiyo "mmh" ni sentensi nzima.

Mchana kutwa nimetembea. Duka, baa, kanisa, duka. Nikikiri, kiti ni changu! Lakini nikikiri, itabidi niseme nilichomfanyia Ermes, mbele ya watu ishirini na watano na Loris. Nilifika hadi nyumbani kwake mara mbili. Mara ya pili nilimwona uani akimwosha mbwa, akiimba. Nikarudi.

Jumamosi, 11 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulikwenda wote na magari yetu madogo, tukajipanga nyuma ya uzio wa uwanja. Garbino ilikuwa imesimama pale, ya kijani kibichi kama jani la mzabibu. Ana kwa ana si kama gazetini. Mbele nzuri kiasi cha kuuma. Nyuma, samahani, ni kambare. Learco na Loris walikuwa wanakaribia kushikana mashati juu ya bawa la nyuma, mmoja akiliita ubao wa kupigia pasi, mwingine akiliita taji.

Mchoraji mkuu alitoka, mwanamke mwembamba mwenye rangi vidoleni. Akamwendea Ermes mikono wazi. "Wewe ndiye wa kambare!" Ermes akamtazama. Kisha akageuza shingo polepole, akanitafuta mimi, na kofia yangu. Nilijua ameelewa yote, hadi namba ya nyumba. Nikasubiri.

"Ni mimi," Ermes akasema.

Akaongeza kwamba anashukuru, ila ana ombi. Kwenye chama chetu kuna mama aliyefunga injini za Corvaldi miaka thelathini na moja na hajawahi kupanda hata moja. Kama hawajali, kiti kiwe chake.

Nives akasema aache upuuzi. Akasema ana magoti mabovu. Akasema hajavaa vizuri. Wakati anasema hayo alikuwa ameshampa Loris mkoba na anatembea.

Walimvisha helmeti. Dereva alimfunga mkanda kama anayefunga mtoto mchanga. Injini ikawaka, na Learco aliyekuwa kando yangu akanung'unika, "Sikia, imepungua." Ni kweli imepungua. Ile sauti ya zamani ingetufanya tushike masikio. Hii ilikuwa nzito, ya chini, kisha mluzi, kisha gari halikuwepo. Halikuwepo! Tulibaki tunatazama lami. Hakuna aliyesema zuri wala baya.

Mizunguko mitatu. Alipotoka alishika mlango muda mrefu. Tulimzunguka, kila mtu anauliza lake. Mchoraji aliuliza kuhusu umbo. "Nilikuwa ndani," Nives alijibu. "Ndani huoni mkia." Learco akauliza sauti. Nives akasema sauti imepungua, ndiyo, na ataikumbuka ya zamani hadi afe. Loris akauliza mwendo. Nives akasema kwenye kona ya pili alihisi injini ikivuta chini yake, akajikuta anahesabu boliti, moja moja, kwa mpangilio uleule, na zote zilikuwa mahali pake. Akajifuta uso kwa glavu.

Na mimi nilijifuta. Nilisema ni vumbi.

Tukirudi kwenye magari Ermes alitembea kando yangu. Alisema jana mchoraji alimpigia simu, akamsomea ile barua nzima, na hadi leo asubuhi alikuwa akijiuliza jina lake limeingiaje. "Imeandikwa vizuri sana, Ivano. Ungeitia sahihi."

"Niliitia," nikasema.

"Najua. Kubwa kuliko za wote."

Akacheka, akanipiga begani, akaingia garini kwake. Nimehisi aibu ya kweli, kifuani. Nimeamua. Kesho namwomba msamaha mbele ya chama kizima. Mimi ni mtu mpya.

Jumapili, 12 Mei

Nilivaa vizuri. Nikachukua chupa ya divai ya lambrusco, ile nzuri. Nilifanya mazoezi ya maneno njia nzima: Ermes, rafiki yangu, nimekukosea. Nilipofika baani alikuwa peke yake mezani na watu hawajatoka kanisani. Nikaona nianze naye kwanza, faragha, ndipo nirudie hadharani.

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, akanivuta karibu kwa furaha. Akasema ana siri na lazima amwambie mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Mchoraji mkuu amemdokeza: vuli itakapofika, Garbino isiyo na paa! Na watamwita mtu mmoja tu wa chama kuiona kabla ya dunia nzima. Kisha akaniuliza, kwa moyo mweupe kabisa, mimi naonaje magari yasiyo na paa.

Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema bado hajaamua.

Hajaamua! Nimepata wapi bahati hii? Niliacha chupa mezani, nikasema nimesahau kitu jikoni. Njiani nilikutana na Loris, padri na mke wa Learco, na kila mmoja nikamnong'oneza, kwa masikitiko, kwamba maskini Ermes hawezi hata kusikia habari za gari lisilo na paa, linamletea kizunguzungu.

Msamaha nitaomba Jumanne. Jumanne nina nafasi.