Matobo Kumi na Moja

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Boti imefikisha miezi miwili uani. Niliipata kwa kubadilishana na baiskeli yetu, mradi fulani kule ziwani ulipofungwa. Tangu hapo Mama anakwenda kanisani kwa miguu. Akirudi anaitazama boti, halafu ananitazama mimi.

Haelewi biashara. Siku hizi kila kitu ruksa! Nani mwenye boti ya alumini ya kubeba abiria kule ziwani Mbamba Bay? Hakuna. Ndiyo maana wananichunguza. Hasa Mzee Romwaldi, jirani anayeyeyusha alumini chakavu na kutengeneza sufuria. Leo nimemwamkia shikamoo. Ameitikia marahaba huku anaigonga boti kwa kidole na kutega sikio. Mtu mwema hategi sikio kwenye mali ya mwenzake.

Mama ametoa kauli. Lori la Majidi linakwenda ziwani Jumamosi. Boti iwe haivuji, iondoke nalo. La sivyo anamkabidhi Romwaldi aigeuze sufuria, yeye apate pa kuanikia mahindi.

Jumanne, 2 Agosti
Nimeijaza maji, ndoo thelathini na mbili. Panapotoka maji ndipo yatakapoingia. Inavuja kwenye ribiti, vile vipini vinavyoshika mabati. Matobo kumi na moja. Idadi sikumwambia mtu. Nimeyamwaga, nikaziba kwa lami, nikajaza tena, nikafunika turubai, nikazungushia uzi mweusi. Atakayegusa nitamjua.

Alhamisi, 4 Agosti
Uzi umekatika!

Nimeukuta hivyo niliporudi kutoka shuleni. Lakini chini pakavu, hakuna hata tone. Lami yangu imeshika! Nani basi kakata uzi? Nimemwuliza Mama. Hakuinua hata macho kwenye kinu. Kasema sikuzaa mwalimu, nimezaa buibui.

Ijumaa, 5 Agosti
Harufu ya uchachu chini ya turubai. Nafundisha kemia, sihitaji kuambiwa. Tindikali! Romwaldi anaila boti yangu polepole, iwe chakavu, aichukue.

Nimefunua. Maji meupe, na kila ribiti imegandiwa na ute mweupe. Ushahidi. Nimemwaga yote, nikasugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikachubuka. Lami nayo imebanduka. Afadhali, ilikwisha kuchafuliwa.

Jumamosi, 6 Agosti
Majidi alifika saa tatu. Akauliza, dada mwalimu, meli yenyewe ndiyo hii, au ni beseni la kumwogeshea bwana harusi? Nikajaza maji mbele ya majirani wote, waone wenyewe.

Ikavuja kila upande, kama chujio la tui.

Mama akashika kiuno. Akauliza nimeifanya nini, mbona jana ilikuwa nzima? Ndipo yakatoka. Tangu Jumatano alikuwa analoweka humo mahindi yake ya unga, debe nne, na kuyaopoa kabla sijarudi. Wanga ndio ulioziba matobo. Majidi akacheka akiwa ameegemea tairi, kisha akaenda zake bila boti.

Mzee Romwaldi akabaki. Akafungua kiganja. Ribiti mpya, kazitengeneza mwenyewe. Akasema, mwanangu, siku ile nilikuwa nasikiliza zipi zimelegea.

Nikazihesabu. Kumi na moja! Amejuaje? Nikamrudishia zote.

Jumatano, 10 Agosti
Mama amemruhusu Mzee Romwaldi azipige zile ribiti nikiwa shuleni. Boti haivuji hata tone. Mama hamkabidhi tena aigeuze sufuria. Wanawake wa nusu ya mtaa wetu wa Mfaranyaki wanaleta mahindi kuloweka, wanamwita Mama Nahodha, naye anaitika!

Majidi amepita, kasema Jumamosi yuko tayari kuibeba mpaka majini. Mama kakubali, shingo upande. Mimi nimekataa. Siwezi kuingia ziwani na ribiti za adui. Mwenye kutengeneza sufuria anataka nini kwenye boti nzima? Hapo pana jambo.

Hata hivyo sina haja nayo tena. Nimepata bodi ya basi, haina injini wala magurudumu, lakini viti vyote vipo. Nimebadilishana na cherehani ya Mama. Bado hajui. Yuko kwenye sala za jumuiya. Basi linaletwa kesho, na hakuna mtu niliyemwambia.

Jioni hii Mzee Romwaldi kachungulia juu ya uzio, akauliza kama tutahitaji watu wa kusukuma.

Amejuaje?