Vijiti Viwili na Mchumba Mwenye Nundu

Chama cha Wafugaji,
Garsen.
Oktoba, 1999

Ndugu Mhariri,

KUH: OMBI LA KUITISHWA BARAZA LA DUNIA LICHAGUE KIJITI KIMOJA

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote mnaoandaa ukurasa wa kompyuta katika gazeti lenu. Mimi ni Mwanasha Athmani, mzaliwa wa Kipini, karani wa chama cha wafugaji hapa Garsen. Tuna kompyuta moja, jenereta moja lenye kikohozi, na tovuti ambamo ng'ombe wetu huonekana ulimwenguni kote. Nisingekusumbua kwa jambo dogo. Binti wa watu amesifiwa nundu mbele ya baba yake mzazi, na mkosaji ni kijiti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta yangu hupanga picha ndani ya mafolda, na kati ya jina la folda na jina la picha huweka kijiti kilicholalia kushoto, hivi: \. Mtambo wa Nairobi unaotunza tovuti yetu ni wa mfumo mwingine, na kijiti chake kimelalia kulia, hivi: /. Nilipoandika wachumba\moja.gif, hapa Garsen picha ilifunguka ikang'aa. Kule Nairobi mtambo haukuona folda wala picha. Uliona neno moja refu lililokwamwa na mwiba kooni.

2. Sasa sikiliza, Mhariri, jinsi mwiba huo ulivyotuchoma. Mama Sabdio ana mwana aitwaye Kalla, anayesomea udaktari wa mifugo India. Alimtafutia mchumba, Hodan binti Issack, mwalimu wa chekechea hapa mjini, msichana asiyeyumbishwa na mtu. Hodan alisema, "Akinitaka, kwanza anione, kisha aseme mwenyewe. Sitaki kuposwa kwa mdomo wa mama." Na ilibidi Kalla aseme upesi, maana Mzee Issack alikuwa karibu kuhama na ng'ombe wake, na watu wengine walikuwa wamekwisha leta posa. Basi Hodan akajistiri vizuri, akapigwa picha, nami nikaiweka kwenye tovuti na maneno haya chini yake: "Huyu ndiye. Mtazame kwa makini, kisha utuambie."

Siku hiyohiyo nilituma pia picha ya fahali wa Mzee Issack, fahali\moja.gif, kwa ajili ya ukurasa wa mifugo. Mtu wetu wa Nairobi, kaka Barnabas, aliona picha zangu hazifunguki. Kwa roho yake safi akakata kila kilichotangulia kijiti, kwenye mafaili na kwenye kurasa. Zikabaki moja.gif mbili, na mtambo hauruhusu majina mawili sawa mahali pamoja. Fahali alikuja nyuma. Akamkalia Hodan, akamfuta.

3. Jibu la Kalla lilipofika, ofisini tulikuwa Mama Sabdio, Mzee Issack, Hodan na mimi. Mama Sabdio alinisihi, "Soma kwa sauti, mwanangu, wote tusikie." Nikasoma. Ewe Mhariri, ulimi hauna breki!

"Mama, nimemtazama kwa makini kama ulivyoniagiza. Shingo nzuri, kifua kipana. Nundu imesimama vizuri. Lakini jicho la kushoto linatoa machozi. Atiwe dawa mapema. Umri wake ni upi, na amekwisha zalisha?"

 Jenereta lilikohoa mara moja likazima.

"Kwa hiyo mimi nina nundu?" Hodan akauliza, polepole sana.

Mzee Issack alisimama na fimbo yake. "Wewe binti," akaniambia, "hii mashine yako inaona ng'ombe tu, mtu haioni?" Akatoka. Hodan akamfuata. Mama Sabdio alibaki akinitazama kama mtu aliyemkuta fisi amevaa kanzu.

4. Tangu hapo Mama Sabdio haitikii salamu yangu. Vijana wa sokoni wakipita dirishani hulia kama ndama. Kuna waliokuja kuniuliza bei ya maziwa. Na mimi, Mhariri, usiku sipati usingizi kwa kumfikiria yule msichana, aliyetaka kuonwa mara moja tu kwa haki.

5. Kwa hiyo naomba gazeti lenu liwaite wakubwa wote wa kompyuta duniani, wa kushoto na wa kulia, waje Garsen. Tutawachinjia. Watakaa hapa na mbu wetu, na hatoki mtu mpaka kijiti kimoja kikubaliwe. Wakishindwa, nina suluhu: kijiti kisimame wima, hivi: |, kisimwegemee mtu.

6. Wakikataa hata hilo, basi dunia nzima ikatazwe folda. Babu na bibi zetu waliweka vitu vyote ndani ya sanduku moja na waliolewa na kuoa bila matatizo.

Nisalimie wapiga chapa, wachora vibonzo, mfagiaji wa ofisi yenu na jamaa zako wote hadi mkwe. Huku Garsen hata wasiokujua wanakusalimu.

Ni mimi niliyekwama kati ya kushoto na kulia,

Mwanasha Athmani (Bi)

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado inasubiri mtu wa kuipeleka posta Barnabas alipopiga simu. "Dada Mwanasha," akasema, "kwenye kurasa zako andika / kila mahali. Hata hiyo Windows yako inakielewa." Nikajaribu. Picha zikafunguka Garsen, zikafunguka Nairobi. Kumbe kijiti kinachokubalika pande zote kilikuwa kwenye kibodi yangu, chini ya kidole. Tafadhali usimwite mtu yeyote. Hatuna hata pa kuwalaza.

Na Mzee Issack amerudi. Alikwenda zizini kwa hasira kuhakikisha kwamba fahali wake hana ila, akakuta jicho la kushoto linatoka machozi kweli. Akalitia dawa. Sasa anauliza kila mtu, "Aliyeona jicho kutoka India, ataacha kumwona binti yangu?" Hodan amecheka mpaka akakaa chini, kisha akaja mwenyewe tukaituma picha yake upya. Chini yake ameandika: "Sihitaji dawa."

Kalla amejibu asubuhi hii kwamba ameitazama mpaka mlinzi wa chumba cha kompyuta akamfukuza, na kwamba sasa ni macho yake yeye yanayotoa machozi. Hodan ameniapisha nisimsomee mtu yeyote jibu hilo. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakuomba usilichape.