Suruali Haina Kosa

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe mtarajiwa kaja kujaribu suti ya harusi. Koti limekubali, likiachwa wazi. Suruali imegoma. Kifungo na tundu lake vinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Akauliza nilimpima yeye au mjukuu wake. Nikacheka. Hakucheka. Ni dereva mstaafu wa malori, amezoea kupishwa. Akasema fundi anayeshindwa kumvika baba hawezi kumtunza binti. Na harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo!

Nilimpima kwa mkono wangu, kwa tepu ya marehemu mwalimu wangu wa ushonaji, ile ninayoivaa shingoni. Nikakata kwa tepu mpya iliyogongomelewa mezani. Ndivyo nifanyavyo kila siku. Kosa haliwezi kuwa langu.

Jumanne, 4 Juni
Mwalimu mkuu wa shule naye kalalamika suruali niliyomshonea inambana. Seremala vilevile. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Halafu redio ikazungumzia usafishaji wa utumbo, nikaelewa. Mtaa mzima umefunga choo! Watu wanatembea na mizigo ya wiki nzima tumboni, kisha wanamsingizia fundi.

Nimechemsha majani ya sanamaki ya kulegeza tumbo, shubiri, ndimu na chumvi. Dawa nimeiita Wepesi. Fundi wa upande wa pili wa baraza, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake na ulimi wake, akauliza napika nini. Nikamjibu napika maendeleo.

Alhamisi, 6 Juni
Mwalimu mkuu alikunywa jana. Leo asubuhi kaacha wanafunzi mstarini, wimbo wa shule uko katikati. Kaja kunigombeza. Anasema suruali bado inabana, na sasa kuifungua kwa haraka ndiyo shida kubwa. Nikamwambia hiyo ni dalili njema.

Mchumba wangu kapata habari. Ni muuguzi, na wauguzi hupata habari zote. Akasema utumbo si bomba la kuzibuliwa, unajisafisha wenyewe ukipewa maharage, mboga za majani, matunda, maji ya kutosha na miguu inayotembea. Akasema sanamaki ikizidi humkausha mtu maji mwilini. Nikamwitikia kwa upole. Nampenda sana, ila hajawahi kushona suruali.

Jumamosi, 8 Juni
Kikao cha familia nyumbani kwa kina mchumba wangu, cha kukubaliana mambo ya mwisho. Nilimpelekea mkwe chupa mapema, nikamwambia ni ya kuburudisha. Akataka nianze mimi. Mkwe hakataliwi. Tukanywa pamoja.

Shangazi wa mchumba wangu alikuwa bado anatoa salamu za ufunguzi nilipotoka. Choo ni kimoja, uani. Sijakaa sawasawa, mlango ukagongwa. Nikatambua kikohozi cha mkwe. Nifanyeje? Heshima hainiruhusu kumjibu baba mkwe nikiwa pale. Nikanyamaza. Akagonga tena, akauliza nani yumo. Nikanyamaza. Akaomba. Dereva wa malori, aombe! Mwisho nikasikia hatua zikikimbilia kwa jirani.

Kikao kimevunjika. Mzee kashikwa na kizunguzungu, akalazwa kwenye kochi. Mchumba wangu akamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, hakunitazama hata mara moja. Nimeona aibu, na nimeogopa kwelikweli.

Jumapili, 9 Juni
Mzee ni mzima. Katuma ujumbe kupitia shangazi: nisikanyage kwake, suruali iwe tayari siku ya harusi, na isipomkaa, harusi hakuna. Mchumba wangu kaongeza kwamba safari hii hatanitetea. Kalia alipokuwa akisema hivyo. Nami nimelia, ila baadaye, nyuma ya cherehani.

Jumatatu, 10 Juni
Sindano kavuka baraza bila kualikwa. Kaivua tepu shingoni mwangu, kailaza juu ya ile ya mezani. Alama ya mia ya tepu ya marehemu imeipita ile ya meza kwa upana wa vidole vitatu. Akasema ya zamani imevutika kwa miaka, kwa hiyo mtu mnene inamsoma mwembamba, kisha mimi nakata kwa tepu ya kweli na suruali inabana. Akasema nichague moja, nipimie na kukatia hiyohiyo.

Wivu tu! Tepu ya marehemu haijawahi kudanganya. Ni wazi ile mpya imesinyaa. Lakini mimi si mtu wa ubishi. Nimezibadilisha: ya marehemu nimeipumzisha mezani, mpya nimeivaa. Kila moja imepata haki yake.

Jumanne, 11 Juni
Mkwe kaja kupimwa upya. Kanipa kiuno bila kunipa salamu. Nikamwomba arudi kujaribu. Akakataa, akasema ataivaa siku yenyewe na Mungu atatuamua. Nimekata suruali mpya mezani. Nimeshona kwa moyo wote.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeoa! Kwa shida.

Mzee alimleta binti yake mbele ya watu wote, mkono mmoja kwake, mwingine kwenye kiuno cha suruali. Ilikuwa pana, na wiki nzima bintiye alikuwa akimlisha maharage na kumtembeza. Walipofika kwangu, mkono wa kunikabidhi bibi harusi ndio uleule ulioshika suruali. Akasimama. Akanitazama mimi, akaitazama suruali. Nikajua basi, nimekwisha.

Mchumba wangu ndiye aliyeokoa jahazi. Katoa pini kwenye pochi yake, kainama na gauni lake lote, kaibana suruali ya baba yake kiunoni. Mzee akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akanipa mkono wa binti yake, akaninong'oneza kwamba kanioza mtu mwenye akili ili nyumba iwe na mmoja.

Jumatatu, 17 Juni
Nimerudi kazini, mume wa mtu. Mwalimu mkuu kaleta suruali mpya niliyomshonea wiki iliyopita, inamvuka nyonga. Ya seremala imeanguka akiwa juu ya paa. Sindano kacheka hadi kakaa chini.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Suruali haina kosa. Ile Wepesi ilifanya kazi kupita kiasi, matumbo yamebaki matupu! Kinachotakiwa ni unga wa kuongeza mwili. Nimeshaanza kukaanga karanga na kutwanga. Kopo la kwanza nampelekea mkwe leo jioni, mke wangu akiwa zamu.