Kifo cha Mjomba Sukari

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi usimsomee mtu hata neno moja. Kazi bado ninayo, na mama ananitegemea.

Siku ya tisa ya mapigano. Simu zimezimwa nchi nzima, mtandao pia. Imebaki redio yetu, nami ni karani wa matangazo, dirisha la pili. Watu wanaleta vikaratasi: niko hai, mko wapi. Foleni ya walio hai ni ya siku sita. Vifo havikai foleni. Husomwa kila siku saa saba mchana.

Dada yangu anasomea uuguzi ng'ambo ya mto. Hatujapata neno lake. Mama hali chakula, anaigeuzageuza redio kama mgonjwa kitandani.

Nimepata njia.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuua Mjomba Sukari. Hajawahi kuwepo. Tulimbuni utotoni, mimi na dada, wa kumsingizia kila sukari ilipopungua. Nimeandika: mimi, jina langu kamili, nasikitika kutangaza kifo cha Mjomba Sukari; dada asisafiri, atume neno kituoni. Akisikia atacheka, atajua ni mimi. Kitasomwa kesho.

Jumatano, 6 Machi

Dizeli ya jenereta inakwisha. Mama Mhariri kaamuru matangazo yafupishwe. Mtangazaji, tunayemwita Koo la Asali, akaniuliza: yafupishwe vipi, msomi? Nikamwandikia kanuni kwa mwandiko safi: bakiza jina la kwanza kutajwa na tukio, mengine kata. Akanitii. Mara ya kwanza tangu tujuane.

Saa saba mchana nchi nzima ikasikia kwamba nimefariki.

Nyumbani mama alinipokea mlangoni kwa kofi, akanikumbatia, akaongeza kofi. Kasema niende kwa Mhariri nikaseme ukweli, isahihishwe kwenye taarifa ya habari. Nikasema nitaangalia. Kughushi kifo ni kufukuzwa kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Sijaangalia. Koo la Asali kaniuliza kama marehemu atakunywa chai hapa au huko aendako. Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka. Nilikunywa.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi gari la wagonjwa limeleta mfuko wa barua kutoka ng'ambo. Mwandiko wa dada. Yu hai! Anasema: nakuja kumzika kaka yangu, msimfukie kabla sijafika, natoka Ijumaa jioni, napita daraja la zamani.

Dakika kumi kabla nilikuwa nimechapa taarifa: askari wanampiga risasi yeyote atakayekanyaga daraja la zamani.

Nikaenda kwa Mhariri. Nikagonga. Aliposema ingia, nikaondoka.

Nimepata njia bora. Nitatangaza kwamba nimeshazikwa, hana haja ya kuja. Ni tangazo la kifo, litasomwa leo leo. Na safari hii nimekuwa mwangalifu: nimetanguliza jina la dada, lisije likakatwa. Kisha kifo, kisha maziko, kisha asije. Koo la Asali kashakichukua kikaratasi. Mama yuko nyumbani, redio sikioni.

Ukitaka kunipata, njoo dirisha la pili kabla ya saa kumi. Usiniulizie kwa jina, mlinzi atakupa pole. Gonga mara mbili, sema umeleta kifo. Mengine yote yana foleni.