Malkia wa Mferejini

Jumatatu, 3 Februari

Mji mzima umelala. Mimi peke yangu nimeamka.

Nimeona kwenye simu mji mmoja wa Ulaya ambao sehemu yake ya kale ni mifereji mitupu. Watu wazima wenye akili zao wanapandishwa mashua, wanazungushwa nyuma ya nyumba za watu, wanaonyeshwa kuta zenye ukungu, na wanalipia huku wanacheka! Nikaweka simu chini. Tunduma tunakosa nini? Kuta zenye ukungu tunazo. Nyuma ya nyumba za watu tunako. Na mfereji tunao: mtaro wa zamani wa Mtaa wa Mferejini, unaoshuka kutoka mlimani hadi kwenye karavati la barabara kuu. Wajinga wanautupia maganda ya miwa.

Wateja? Madereva wa malori! Wamejipanga foleni wakisubiri kuvuka kuingia Zambia, siku nenda siku rudi, wamekaa chini ya matrela yao wanakata kucha. Wanalilia utalii bila kujua.

Lakini sababu kubwa ni Restuta. Ana kibanda cha chakula ukingoni mwa mtaro huohuo, na kambale wake anamfanya mtu asahau kwao. Nampenda, basi. Shangazi yake Conjesta, aliyemlea, anakuja Jumamosi kutoka Sumbawanga kumtazama mchumba. Tatizo ni kwamba wachumba tuko wawili. Mwingine ni Sunday, dereva wa bajaji. Restuta ametuambia sote bila kupepesa macho kwamba hatampelekea shangazi mwanamume asiye na kazi ya kuonyesha. Sunday akaipigapiga bajaji yake mgongoni kama ng'ombe wa mahari. Mxiu! Chombo cha magurudumu matatu. Hata aliyekitengeneza alichoka kabla ya kufunga la nne.

Nimemwambia Restuta kwamba ifikapo Jumamosi mimi Anyosisye nitakuwa mkurugenzi. Hakuuliza wa nini. Aliduwaa tu.

Jumanne, 4 Februari

Leo upelelezi kwa miguu. Mkurugenzi lazima aijue ardhi yake.

Nimeanzia juu, penye daraja la magogo ya mikaratusi. Nimeliita Daraja la Wapendanao. Hapo nimeteleza. Kisha nyumba ya matofali mabichi iliyoinama, nimeiita Ikulu Ndogo. Nikasimama mbele yake nikifanya mazoezi ya maelezo kwa sauti: hapa, mabibi na mabwana, alilala chifu mmoja mkubwa akielekea vitani.

Mzee Yonasi, fundi baiskeli, akadakia kutoka kibandani kwake kwamba hapo palikuwa kilabu cha pombe, na aliyelala ni yeye, na hakuwa akielekea popote. Watu wakacheka. Nikasonga mbele. Nikaita ukuta fulani Ngome ya Kale, Yonasi akapaza sauti kwamba ule ni ukuta wa choo na umejengwa juzi. Nyani haoni kundule. Mzee mzima anaziba pancha tangu nchi ipate uhuru, leo anajifanya mwanahistoria.

Maji yenyewe ni ya kwenye kifundo cha mguu, na yana rangi ya chai ya maziwa. Hilo dogo. Kwanza chombo.

Dada Tusekile, ambaye nalala stoo kwake, ameuliza nimetoa wapi matope hayo yote. Nimejibu: kazini. Ameangua kicheko mpaka akashika mlango. Damu yangu mwenyewe hiyo!

Jumatano, 5 Februari

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Nimedandia lori la chumvi alfajiri hadi Ivuna. Mtu mwenye akili akitaka mtumbwi huenda kwa watu wa Ziwa Rukwa. Sunday angetafuta mtumbwi gereji.

Nikafika kwa Msukuma mmoja, Nkwabi, mfugaji mwenye boma kubwa. Nyuma ya zizi, nikauona. Gogo refu, pana, limechongwa tumbo lote, limekolea uzee na limeng'aa kwa kusuguliwa. Ncha zote mbili butu. Ubunifu huo! Halina mbele wala nyuma, kwa hiyo halihitaji kugeuzwa.

Nikamuuliza kama linavuja. Nkwabi akasema halijawahi, tangu enzi za baba yake. Akaniuliza nina wangapi. Nikasema nategemea kupakia sita kwa mkupuo. Akasema sita watakaa vizuri, hata wanane, mradi wasiwe na pembe ndefu. Sikuelewa, nikacheka kwa heshima. Wasukuma wana utani wao. Mkewe, Mbuke, akauliza kama wangu ni wa maziwa au wa nyama. Nikasema wengi wao ni madereva. Wakatazamana.

Kulipa? Nimemwachia sabufa ya dada Tusekile, ile anayosikilizia kwaya. Nimemwambia dada ipo kwa fundi. Siku nikiwa tajiri nitamnunulia inayotikisa hadi Nakonde, ng'ambo Zambia.

Alhamisi, 6 Februari

Chombo kimewasili juu ya lori la chumvi. Nimekipaka rangi ya bluu ubavuni na kuandika jina: MALKIA WA MFEREJINI. Ndani sikupaka, nimeacha mvuto wa asili.

Jambo la ajabu. Nikiwa naandika herufi ya mwisho, ng'ombe wa mchinjaji jirani amekata kamba, amekuja moja kwa moja, ametia kichwa ndani ya Malkia na kuanza kulamba. Nimemfukuza, karudi. Nimempiga na brashi, karudi na bluu puani. Mchinjaji akasema hajaona mnyama kukipenda chombo namna ile. Nikamwambia wanyama hutambua kitu cha thamani kabla ya binadamu. Yeye mwenyewe ni mfano.

Restuta alipita na ndoo ya maji. Alilitazama gogo, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa upole kama nina uhakika hicho ni mtumbwi. Nikamwambia kimetoka ziwani. Akasema haya. Alivyosema lile haya! Hajawahi kumwambia Sunday haya namna ile.

Ijumaa, 7 Februari

Leo nimetatua suala la maji. Limewashinda wasomi wote wa mji huu, na jibu lilikuwa viroba.

Nimejaza viroba udongo, nimeshuka kwenye karavati na kuliziba kabisa. Yaani kabisa! Kufika saa nane mtaro umejaa hadi magotini na Malkia anaelea. Amelalia upande mmoja kidogo, kwa hiyo nimeweka mawe upande wa pili. Sasa anainama pande zote kwa zamu. Huko ndiko kuelea.

Tusekile amekuja mwenyewe hadi ukingoni, amejifunga kanga kiunoni, dalili mbaya. Amesema mtaro huu ndio unaobeba maji ya mlima mzima, na mvua kubwa bado, na nikiziba karavati maji yatatafuta mlango wa mtu. Nikamwambia wanawake wa Ileje wamezoea milima, mifereji waniachie mimi. Akanikumbusha kwamba na mimi ni wa Ileje. Akauliza sabufa. Nikasema fundi anasubiri spea.

Nimeenda kwenye foleni ya malori kutangaza ziara. Dereva mmoja Mzambia, mwenye adabu zake, alinifuata hadi mtaroni. Alilitazama gogo, akalitazama povu la kijani, akasema awe, awe mukwai, yaani hapana kwa heshima zote. Akarudi kukata kucha. Ukiwa mwoga ndivyo unavyozeeka chini ya trela.

Potelea mbali. Kesho abiria wangu wa kwanza ni Shangazi Conjesta. Akishafurahi, Restuta ni wangu. Na nimeshamwona Sunday akinywa chai peke yake uzeeni.

Jumamosi, 8 Februari

Ng'ombe. Walaaniwe ng'ombe wote.

Nitaandika kwa utaratibu. Mvua ilipiga mlimani tangu asubuhi. Mimi nikashangilia: kina kinaongezeka bure! Shangazi Conjesta akafika, mama mnene, mpole, na kitenge kipya. Alifika na nani? Na bajaji ya Sunday! Eti alimkuta stendi kwa bahati. Bahati gani, mtu anaamka saa kumi kuisubiri bahati!

Nikampokea kwa heshima. Shikamoo shangazi, karibu kwenye ofisi yangu inayoelea. Nikamtembeza kwa miguu kwanza: Daraja la Wapendanao, Ikulu Ndogo. Yonasi akasema neno lake, nikalifunika kwa kikohozi. Shangazi akasema ana njaa. Nikamwambia tutafika kwa Restuta kwa njia ya maji, kama malkia. Restuta, mlangoni pa kibanda chake, akaniita kando na kuniomba nisimpandishe shangazi humo. Akasema, Anyosisye, huyu ndiye mama niliyebakiwa naye. Nikamwambia aniamini.

Shangazi akapanda. Akakaa. Malkia akaelea! Nikasukuma kwa mti, tukaenda. Nilitazama ukingoni nikamwona Sunday amesimama na funguo mkononi, na kwa muda ule nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoa wa Songwe.

Ndipo kundi la ng'ombe likapita barabarani kwenda mnadani. Ng'ombe wa kwanza akainua pua. Akasimama. Wachungaji wakapiga miluzi, bure. Akashuka ukingoni, na kundi zima nyuma yake, chubwi, chubwi, hadi kwa Malkia! Wakatia ndimi ndani. Wakalamba ubao, wakalamba mti wangu, wakalamba mgongo wa shangazi kwa sababu alikuwa ameegemea ubao huo. Mchungaji mmoja akapiga kelele kutoka juu: nani kaweka hori la chumvi mtaroni?

Hori! La chumvi! Mahali pa kulishia ng'ombe! Na Nkwabi, mtu mzima, hakusema kitu!

Malkia akapinduka. Nikamwambia shangazi abaki amekaa, ziara haijaisha. Lakini alikuwa tayari majini, kitenge kimefunguka juu ya maji. Na hapo maji ya mlima yakafika. Yakagonga viroba vyangu, yakakosa njia, yakageuka na kuingia kibandani kwa Restuta. Meko yakazimika kwa mlio. Sufuria ya wali ikatoka mlangoni yenyewe, ikafuatiwa na kambale waliokwisha kaangwa, wakarudi majini.

Sunday alivua viatu, akaingia hadi kiunoni, akambeba shangazi mgongoni hadi juu. Kisha akarudi kuokota benchi.

Restuta alipiga magoti kwenye matope, akawa anatafuta vifuniko vya sufuria zake kimoja kimoja. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Nilitaka kuinama kumsaidia, akasema tu, acha, Anyosisye, utakanyaga kile kilichobaki. Iliniuma. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Iliniuma sana.

Lakini kosa ni la ng'ombe.

Jumapili, 9 Februari

Mchungaji kanisani amehubiri juu ya gharika. Watu wote wamegeuka kunitazama. Hata kwaya.

Baada ya ibada mtaa mzima umekuja ukingoni kunisimamia nikivitoa viroba kwa jembe. Yonasi amekuja na kigoda chake. Kiroba cha mwisho kilipotoka maji yaliondoka na kiatu changu. Yonasi akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya ziara.

Tusekile amegundua habari za sabufa. Sitaandika alichosema. Amekisema kwa Kindali, lugha ya kwetu Ileje.

Jumanne, 11 Februari

Nkwabi kaja mwenyewe, kashuka na lori la chumvi, sabufa begani. Kasema inawatisha ndama. Nikamvaa: kwa nini hukuniambia ni hori? Akasema alidhani kila mtu anajua hori akiliona, na kwamba hajawahi kukutana na mtu mzima asiyelijua. Nikamweleza habari za Malkia. Akacheka mpaka akakaa chini, akaomba maji.

Alipopata pumzi akanipa wazo, utadhani nilimwomba. Eti ng'ombe wanaopita hapa kwenda mnadani wanafika wamechoka, hawana pa kunywa wala pa kulamba chumvi. Niliweke hori juu kando ya njia, yeye ataleta chumvi ya Ivuna, wenye ng'ombe watalipa kwa furaha. Watakuja wenyewe, akasema, si uliwaona walivyokuja?

Mimi! Mkurugenzi wa utalii! Nisimame nalambwa viwiko kutwa! Nimemwambia ahsante, sina undugu na ng'ombe, na hasa baada ya Jumamosi.

Sunday alikuwa ameegesha hapo akisikiliza. Huyo ndiye mpumbavu kamili. Akaniambia kama silitaki gogo, yeye ana tyubu kubwa la trekta, tubadilishane. Tyubu zima, lenye viraka vichache tu, kwa gogo la kulishia ng'ombe! Nilificha kicheko. Nilimpa mkono haraka kabla hajapata akili. Nkwabi alitikisa kichwa, kwa kumhurumia Sunday bila shaka.

Alhamisi, 20 Februari

Habari za mtaa, kwa ufupi, maana hazinihusu.

Hori liko kando ya njia ya mnadani. Ng'ombe wamejipanga kuliko malori. Sunday na Nkwabi wameongeza la pili. Jina nililoliandika bado liko ubavuni, hawakujisumbua hata kulifuta. Sunday amemjengea Restuta kibanda kipya, upande wa juu, mbali na mtaro, na wachungaji wote wanakula hapo. Shangazi Conjesta amekubali posa. Alisema anamtaka mwanamume anayejua kipi ni cha ng'ombe na kipi ni cha watu. Harusi ni Jumamosi ijayo.

Restuta alinialika mwenyewe. Amesema hana kinyongo, nije nile. Nilimwambia nitakuja. Nilitembea mpaka darajani nikasimama hapo kitambo, nikaona kwa nini nililiita la Wapendanao. Nilifanya ujinga wa kulia. Ilikuwa ni moshi wa mkaa.

Basi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo nimelijaza upepo tyubu la trekta kwa pampu ya Yonasi, nikalikalia katikati. Linaelea! Halipinduki! Na nimelifanyia utafiti wa kina: nimelipeleka kwa ng'ombe wa mchinjaji, hajalilamba hata mara moja.

Nimempelekea Sunday salamu kwamba zawadi yangu ya harusi ni kumleta bibi harusi kanisani kwa njia ya maji. Hajajibu. Amezidiwa na furaha.

Wingu limekaa mlimani, zuri, jeusi. Mtaro una maji ya kifundo tu, lakini hilo nimeshalitatua. Nimemwomba dada Tusekile viroba.